PIMA KWANZA, NDIPO UFUNGE



Kipuri kilichokwisha kutumika hakinunuliwi kwa macho, wala kwa maneno matamu ya muuzaji. Hununuliwa kwa kipimo. Jambo hili lamhusu fundi, na lamhusu pia mama na baba wa nyumba, kwa kuwa fedha itokayo ni ya nyumba, na moto ukizuka gereji ya nyumbani haumchagui mwenye gari peke yake. Jumapili hii na tulitazame kwa mfano wa gari moja dogo la mbio, la watu wawili, ambalo wapenzi wa magari ya zamani wangali wakilihangaikia: Datsun 280Z.

Ukoo wa gari hili si mgeni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari wakiwa na Datsun 240Z. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alitwaa ushindi kwa gari la aina hiyo hiyo. Magari yale yalitumia kabureta. Mdogo wao, 280Z, aliuzwa Marekani tangu mwaka 1975 hadi 1978, wakati sheria za huko za kupunguza moshi zilipokuwa zikikazwa. Yeye hana kabureta. Injini yake ya silinda sita, yenye ukubwa wa karibu lita 2.8, hulishwa kwa mfumo wa kunyunyiza petroli uitwao L-Jetronic, uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani.

Mfumo huu hufanya kazi hivi. Pampu ya umeme iliyo karibu na tangi husukuma petroli kupitia kwenye chujio hadi bomba la mbele. Hapo kuna kidhibiti ambacho hulinda shinikizo na kuirudisha petroli ya ziada tangini. Hewa inapoingia husukuma kibamba kilicho ndani ya kipima hewa, na kibamba hicho huiarifu kompyuta ndogo ya gari hewa imeingia kiasi gani. Kompyuta nayo huzifungua pua sita za petroli, ambazo mafundi huziita nozeli, zote kwa pamoja, kwa muda wa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Ukiyajua haya, utaona kwamba kila kipuri kina kazi yake na kila kazi ina kipimo chake.

Sasa sikiliza kwa nini tunalisisitiza jambo hili. Katika injini hii, bomba la kuingizia hewa na bomba la kutolea moshi yako upande mmoja, lile la hewa likiwa juu na lile la moshi likiwa chini. Nozeli zimepangwa juu. Basi petroli ikivuja kwenye nozeli, yaangukia penye joto kali. Tena haivuji kwa unyonge kama maji ya mtungi. Yasukumwa na pampu. Kwa hiyo nozeli ya bei rahisi iliyofungwa bila kupimwa yaweza kuligharimu gari zima, na kama gari limelala chini ya paa moja na watoto, yaweza kugharimu zaidi ya gari.

Anza basi na mipira. Nozeli za gari hili zina kipande cha mpira mgongoni, na ukinunua za zamani aghalabu huja na mpira wake wa zamani. Uukunje kwa vidole. Ukiwa mgumu, au ukionyesha nyufa, hauna kesi ya kusikilizwa. Hata ukionekana mzima, uondoe. Petroli inayouzwa Marekani siku hizi kwa kawaida huchanganywa na alkoholi, na mipira ya kale haikutengenezwa kwa ajili ya mchanganyiko huo. Weka mipira mipya iliyotengenezwa mahususi kwa mifumo ya kunyunyiza petroli, maana mpira wa kabureta hauwezi shinikizo hili. Pete za mpira na chujio navyo vinunuliwe vipya daima. Hapo hapana ubahili.

Pili, pima umeme wa nozeli ikiwa kavu, haina petroli. Kwa mita ya umeme, ukinzani wake uwe kati ya omu 2 na 3 hivi. Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya gari ya volti 12 ukaiacha, kwani nyuzi zake za ndani zitaungua; garini hulindwa na vipunguza umeme vilivyowekwa njiani. Tumia betri ndogo ya volti 9, uguse na kuachia. Nozeli hai itajibu kwa mlio mdogo wa "ta". Isiyojibu imekwama au imekufa.

Walakini mlio si ushahidi kamili. Nozeli yaweza kulia vizuri ilhali inatema petroli kwa mkondo mmoja kama mkojo wa mbuzi badala ya kuisambaza kama ukungu, au ikadondosha inapokuwa imefungwa. Kadhalika zote sita zaweza kuwa nzima, lakini moja ikatoa kidogo kuliko wenzake, na silinda yake ikawa na njaa. Kipimo hiki cha tatu si cha nyumbani. Wapo mafundi wenye mashine ya kuziosha nozeli kwa mawimbi ya sauti na kuzipima zote pamoja katika mirija ya kioo, kwa kimiminika maalumu kisichoshika moto kwa wepesi kama petroli. Wapelekee zote sita kama jamaa moja. Tafadhali, msomaji, usijaribu kunyunyiza petroli ndani ya kopo gerejini kwako. Ukungu wa petroli hulipuka kwa cheche ndogo kabisa, na gereji nyingi za Marekani zina hita ya maji yenye mwali unaowaka usiku na mchana.

Nne ni kipimajoto cha maji ya injini, kipuri kidogo kama kidole ambacho hulaumiwa mara chache na hukosa mara nyingi. Hiki chaweza kupimwa jikoni. Kitie katika sufuria kuukuu ya maji, weka na kipimajoto cha kawaida, kisha soma ukinzani wake. Penye nyuzi 20 za Sentigredi kionyeshe kama omu 2,500, na penye nyuzi 80 kishuke hadi kama omu 300. Kisiposhuka, kompyuta itadhani injini ingali ya baridi na itaendelea kumwaga petroli. Moshi utakuwa mweusi, na petroli ya ziada itaosha oili kwenye kuta za silinda. Watu wamefungua injini nzima kwa ajili ya kosa la kipuri hiki, au la waya wake ulioshika kutu. Baada ya kupima, sufuria hiyo isirudi tena kwenye chakula.

Tano, kipima hewa. Sukuma kibamba chake taratibu kwa kidole. Kiende laini toka mwanzo hadi mwisho, kisikwaruze mahali, na kikirudi kifunge chenyewe. Ukiwa umekiunganisha na mita, usomaji ubadilike bila kukatika ghafla. Kisha tazama kifuniko chake. Kikiwa na dalili za kubanduliwa, jua kwamba mtu amekwisha kuingia ndani kuchezea springi, na mizani iliyowekwa kiwandani haipo tena. Kipuri cha namna hiyo ni bahati nasibu. Mwachie mwenyewe.

Sita, baada ya kufunga vyote, na kabla ya kutoka barabarani, unganisha geji ya shinikizo baada ya chujio. Ukiwa umeuchomoa mpira mwembamba wa kidhibiti, geji isome karibu paundi 36 kwa kila inchi ya mraba. Ukiurudisha na injini ikinguruma taratibu, isome pungufu kidogo, kwa sababu kidhibiti hufuata mvuto wa hewa katika bomba. Zima injini. Geji ikiporomoka mara moja, petroli yatoroka mahali fulani. Tafuta ni wapi, na uwe na kizima moto karibu nawe.

Kompyuta nimeiacha mwisho kwa makusudi. Wengi huinunua kwanza kwa kuwa ndiyo wasiyoielewa, hali waya na viungio vilivyooza ndivyo huwa wakosaji mara nyingi zaidi. Usiinunue kabla hujasafisha viungio vyote na kupima kila waya.

Utasema, "Taabu yote hii ya nini? Si heri ninunue vipya?" Kwa nozeli na mipira, shauri hilo ni jema ukiwa na uwezo. Lakini gari la mwisho la aina hii lilitoka kiwandani mwaka 1978, na kwa vipuri kama kipima hewa, cha mtumba ndicho aghalabu kitapatikana. Basi patana na muuzaji kabla ya kulipa: akupe siku kadhaa za kupima, na haki ya kurudisha. Muuzaji mwaminifu hataona haya kukubali. Anayekataa amekwisha kukujibu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku kipuri kifikapo, kipime siku hiyo hiyo, uandike vipimo vyake katika daftari, ukibandike jina. Kipuri kilichokaa rafuni miezi sita bila kupimwa hakina tena wa kurudishiwa.

Na wewe mwenzi wa mwenye gari, usilidharau daftari hilo. Liombe ulione. Gari la zamani laweza kuwa furaha ya nyumba, au laweza kuwa tundu linalomeza ada ya shule kidogo kidogo. Linalotenganisha mambo hayo mawili si mapenzi ya gari, kwa maana mapenzi yapo pande zote mbili. Ni mita ya umeme ya bei ndogo, geji moja, na subira ya kuvitumia kabla ya kukaza hata skrubu moja.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.