Askari Asiyekuwapo Vitani

Tarehe 13 Februari, 2013, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Leon Panetta, alitangaza nishani mpya. Nishani hiyo ilikusudiwa kuwatuza watu walioathiri mwenendo wa vita bila ya kukanyaga uwanja wa vita, na miongoni mwao walikuwamo waongozao ndege zisizo na rubani. Katika mpangilio wa heshima iliwekwa juu ya Nyota ya Shaba, nishani ambayo askari wengi waliipata chini ya risasi. Malalamiko ya askari wa zamani yalikuwa makali hata, ilipofika mwezi wa Aprili mwaka uo huo, waziri aliyemfuatia Panetta, Chuck Hagel, akaifuta kabla haijavishwa mtu hata mmoja.

Mtu aweza kudhani kwamba huo ulikuwa ugomvi wa wanajeshi juu ya kipande cha madini. La, hasha. Swali lililokuwa chini yake ni zito, nalo latuhusu hata sisi tulio mbali na mambo hayo: je, mtu amwuaye adui aliye umbali wa kilomita kama 12,000, naye ameketi katika chumba chenye kiyoyozi, amepigana vita, au amefanya kazi nyingine ambayo bado haijapata jina?

Zipo hoja mbili zinazosikika sana juu ya silaha hizi. Ya kwanza husema kwamba ni mchezo wa watoto mbele ya kioo cha televisheni, usiomgusa auaye wala usiomfundisha huruma. Ya pili husema kwamba ni silaha yenye macho makali, ichaguayo adui mmoja kati ya umati na kuwaacha wengine salama. Maoni yangu ni kwamba hoja zote mbili zina kasoro, na kwamba kasoro hizo huonekana vizuri zaidi mtu akielewa jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Chombo chenyewe

Ndege isiyo na rubani, ambayo wengine huiita droni na wengine ndege nyuki, si jambo jipya kabisa. Uingereza ilikuwa nazo katika miaka ya 1930, zikitumiwa kama shabaha za mazoezi ya mizinga. Ile iitwayo Predator iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1994, nayo hapo mwanzo ilikuwa jicho tu. Mwaka 2001 ilifungwa makombora, na mwezi wa Oktoba mwaka huo ikaanza kushambulia nchini Afghanistan. Ndugu yake mkubwa, Reaper, mwenye mabawa ya mita 20 toka ncha hadi ncha, aliingia kazini mwaka 2007. Predator yenyewe jeshi la anga la Marekani liliiacha mwaka 2018.

Kikosi kilicho karibu na kiwanja huirusha kwa redio ya moja kwa moja, kisha hukikabidhi usukani kikosi kilicho ng'ambo ya bahari. Huko, rubani huongoza ndege, na mwenziwe aliye ubavuni pake huongoza kamera, ambazo huona kwa nuru ya kawaida mchana na kwa joto la miili usiku. Wote wawili huzungumza na ndege yao kupitia setilaiti.

Hapa yafaa tufanye hesabu ndogo. Setilaiti za namna hii huelea kiasi cha kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, yaani karibu robo ya sekunde. Lakini picha hapana budi ibanwe na kufumbwa, ipite katika setilaiti, ipokelewe katika kituo kama kile cha Ramstein nchini Ujerumani, isafiri katika nyaya za kioo chini ya Atlantiki, kisha ifumbuliwe. Na amri ya rubani yapasa kuifuata njia iyo hiyo kurudi. Jumla ya safari hizo hupita sekunde moja. Kwa hiyo rubani huyo kamwe haoni kinachotokea. Huona kilichokwisha kutokea. Ndiyo sababu kazi ya kutua, isiyovumilia kuchelewa, huachiwa wale walio karibu na kiwanja.

Ukaribu usio wa kawaida

Sasa tuitazame hoja ya kwanza, ile ya mchezo. Tarehe 6 Agosti, 1945, marubani walioangusha bomu juu ya Hiroshima walikuwa angani juu ya mji wenyewe, kiasi cha mita 9,000 na zaidi. Kwa vipimo vya ramani walikuwa karibu sana na watu wale. Lakini walichokiona ni mji kama mchoro, kisha wingu. Hawakuona uso hata mmoja.

Mwongozaji wa Reaper, kinyume chake, yuko mbali kwa kilomita na karibu kwa macho. Aweza kuitazama nyumba moja kwa siku kadha wa kadha. Humwona mwenye nyumba akitoka alfajiri, akichota maji, akicheza na wanawe, akilala juu ya dari wakati wa joto. Amri ikija, hufyatua kombora ambalo huchukua makumi ya sekunde kufika, na katika muda huo wote hapaswi kuondoa macho. Baada ya hapo kazi haijaisha: ndege husalia juu ili ahesabu waliokufa na kuwatazama waliobaki wakikusanya viungo vya ndugu zao. Kisha zamu humalizika, naye huendesha gari kutoka kituo cha Creech, katika jangwa la Nevada, kurudi kwake karibu na Las Vegas, ambako watoto humngoja wampe habari za shule.

Uchunguzi wa jeshi la Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulilinganisha marubani wa ndege hizi na wale warukao wenyewe, ukakuta kwamba viwango vyao vya maradhi ya akili havikuachana. Kama kazi hii ingekuwa mchezo tu, matokeo hayo yasingepatikana. Mwili umeondolewa hatarini, lakini dhamiri haikuondolewa. Askari wa zamani alikuwa na safari ndefu ya kurudi kwao, merikebuni au garini pamoja na wenzake, ambamo alizungumza na kulia na kunyamaza. Huyu wa leo hana safari hiyo. Huvuka mpaka kati ya vita na nyumba kila siku, peke yake, kwa muda wa saa moja.

Kuona si kujua

Hoja ya pili ni ya hatari zaidi, kwa kuwa huvaa joho la sayansi. Husemwa kwamba chombo kikaacho angani kwa saa nyingi, chenye kamera bora, hakina sababu ya kukosea. Matukio yenyewe hayasemi hivyo.

Tarehe 21 Februari, 2010, katika mkoa wa Uruzgan nchini Afghanistan, kikosi cha Predator kilichokuwa Nevada kiliyafuata magari matatu kwa zaidi ya saa tatu. Wasafiri waliposhuka kusali alfajiri, sala ilihesabiwa kuwa dalili ya uadui. Walipoonekana watu wadogo, palizuka mabishano kama ni watoto au ni vijana wenye umri wa kupigana. Helikopta ziliitwa, zikashambulia. Jeshi la Marekani lilihesabu wanaume 15 au 16 waliouawa. Wazee wa vijiji vyao walihesabu watu 23, na kati yao watoto wawili. Silaha walizodhaniwa kuwa nazo hazikuonekana. Uchunguzi wa jeshi lenyewe uliwalaumu waliokuwa mbele ya vioo kwa kutoa taarifa zisizo sahihi.

Tarehe 29 Agosti, 2021, mjini Kabul, gari jeupe lilifuatwa kwa saa nyingi kisha likapigwa kwa kombora. Kwanza tuliambiwa kwamba hatari kubwa imezuiwa. Baada ya wiki tatu hivi, jeshi likakiri kwamba waliokufa ni raia 10, na saba kati yao ni watoto.

Katika matukio hayo kamera hazikuharibika. Kilichokosekana ni kile ambacho kamera haina: kujua mtu yule ni nani, anakwenda wapi, na kwa nini amesimama. Kamera huonyesha mwendo wa miili. Maana ya mwendo huo huwekwa na atazamaye, naye aghalabu huiweka ile aliyokwisha kuitarajia. Saa nyingi za kutazama haziondoi kosa la namna hiyo, bali huweza kulikomaza.

Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa tangu siku zake za kwanza maabarani kwamba kila chombo cha kupimia kina kosa lake, na kwamba kipimo kilichoandikwa bila ya kutaja kosa hilo si kipimo kamili. Yashangaza kwamba sharti tunalomdai mtoto apimaye urefu wa pendulo hatumdai mtu apimaye nani afe.

Walio chini ya mvumo

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mazungumzo mengi juu ya silaha hizi huhusu anayetazama. Machache mno humhusu anayetazamwa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na New York walitoa mwaka 2012 taarifa juu ya hali ya watu wa Waziristan, kaskazini-magharibi mwa Pakistan. Waliwakuta watu walioogopa kukusanyika, kwenda mazikoni na kuwapeleka watoto shuleni, kwa kuwa mvumo ulikuwa juu yao mchana na usiku, na hapana aliyejua ni tendo gani huonekana baya mbele ya jicho lile. Mwaka 2013 mtoto mmoja wa huko, ambaye bibi yake aliuawa shambani akichuma bamia, aliwaeleza wabunge wa Marekani kwamba haipendi tena mbingu ya samawati, kwa sababu ndege zile haziruki siku za mawingu.

Hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipo. Tangu zama za mkuki, aliyetaka kuua alilazimika kujiweka mahali ambapo naye angeweza kuuawa. Sharti hilo halikuzuia dhuluma, lakini lilimfanya mtawala afikiri mara mbili kabla ya kupeleka vijana vitani, maana hesabu ya majeneza ingemrudia. Ondoa majeneza upande mmoja, na vita hugeuka kuwa kazi ya ofisini, iwezayo kuendelea miaka na miaka pasipo bunge kuuliza.

Wako watakaojibu kwamba ni haki ya kila taifa kuwalinda askari wake, na kwamba mzinga hauna huruma kuliko kombora moja. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nami silikatai. Lakini kupunguza hatari ya askari ni jambo moja, na kuihamishia hatari hiyo kwa mkulima wa bamia ni jambo jingine.

Mkuki kwa nguruwe

Tena, yasidhaniwe kwamba upweke huo wa nguvu utadumu. Tangu mwaka 2022, katika vita vya Ukraine, zimeenea droni ndogo za bei ya dola mia kadhaa, ziongozwazo na kijana aliyejificha katika handaki kilomita chache kutoka mstari wa mbele, amevaa miwani imwonyeshayo kile ambacho droni inakiona. Humfuata mtu mmoja mpaka picha inakatika. Nyingine huvuta nyuma yake uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ili mawimbi ya adui yasiweze kuzizuia. Lakini huko mwindaji naye huwindwa, kwani adui anazo zile zile. Majeruhi hawachukuliwi mchana, na barabara zimefunikwa kwa nyavu, nyingine zikiwa zimetolewa na wavuvi wa Ulaya. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: silaha iliyosifiwa ilipokuwa ya mmoja imekuwa janga ilipokuwa ya wote.

Bara letu nalo limekwisha kuonja. Januari 2022 shambulio la droni katika kambi ya wakimbizi wa ndani huko Dedebit, Tigray, liliua watu zaidi ya 50. Tarehe 3 Desemba, 2023, katika kijiji cha Tudun Biri nchini Nigeria, jeshi la nchi hiyo lilishambulia kwa makosa watu waliokusanyika kusherehekea Maulidi. Waliokufa walikuwa 85 au zaidi. Hapa aliyekosea si mgeni wa kutoka ng'ambo; ni serikali na raia wake yenyewe.

Wajibu wetu

Teknolojia hii haina dhambi ya kuzaliwa. Rwanda imeitumia tangu mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini. Mwaka 2018 ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Na Zanzibar imeitumia kuchora ramani ya visiwa vyake. Kamera na mitambo ni ya namna ile ile. Kinachotofautisha ni kusudi, na sheria inayolilinda kusudi hilo.

Kwa hiyo kila serikali ya Kiafrika inunuayo ndege hizi yapasa, kabla ya kuzinunua, ilieleze bunge lake mambo matatu: nani, kwa jina na cheo, atakayeitoa amri ya kufyatua na kuijibia, ni uthibitisho gani kutoka ardhini utakaohitajiwa mbali na picha, na ni kwa muda gani, baada ya kila shambulio, matokeo ya uchunguzi yatatangazwa na wahanga kufidiwa. Wanasayansi na wahandisi wetu nao wasikae kimya kwa kisingizio kwamba hayo ni mambo ya majeshi. Wao ndio wajuao sekunde ile iliyochelewa, joto la mwili lisilo na jina, na mambo yote ambayo chombo hakiwezi kuyaona. Wasipoyasema, atakayeyagundua ni mwanakijiji, naye hatapata nafasi ya kuyaandika.