Karatu: Kompyuta za zamani zikiungana, seva ya Cape Town ya nini?

Ukiwa Karatu unatengeneza programu kubwa, kuna kusubiri. Umebadilisha mistari michache ya msimbo, unabonyeza, kompyuta inaanza kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Chai inaisha, bado inakompaili.

Ushauri wa kawaida ni kukodi seva ya mbali. Amazon ilifungua kituo chake cha kwanza cha seva Afrika, pale Cape Town, Aprili 2020. Sawa, lakini bili ni ya dola, bando unanunua mwenyewe, na njia haiko mikononi mwako. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti nchini ikasuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa, watu wakakaa siku kadhaa bila mtandao. Siku kama hizo hata ukiwa umelipia seva, huifikii.

Kuna njia nyingine isiyosemwa sana huku kwetu: kompyuta za chumba kimoja zigawane kazi kwa waya, bila intaneti. Programu ya bure iitwayo distcc, kazi ya Martin Pool, imekuwapo tangu 2002. Kompyuta yako inaandaa kila faili, inalituma kwa mwenzake aliye na nafasi, kisha inapokea jibu.

Inafanya kazi kweli? Kwenye majaribio ya mwanzo ya mradi huo, kernel ya Linux iliyochukua dakika 6 na sekunde 45 kwenye Pentium 4 moja ilichukua dakika 2 na sekunde 30 kwa mashine tatu za aina hiyo, kwenye swichi ya megabiti 100 tu. Vifaa vya namna hiyo leo watu wanaviita mitumba.

Ila usitarajie mashine kumi zikupe kasi mara kumi. Anayejua mashamba ya vitunguu Mang'ola ataelewa haraka: unaweza kuongeza vibarua wa kung'oa, lakini lori la kupakia ni moja. Kwenye programu, lori ni hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande vyote, na hiyo inafanywa na kompyuta moja. Tuseme kukompaili kunachukua dakika 24 na kuunganisha dakika 6. Mashine tano zinashusha jumla kutoka dakika 30 hadi kama 11. Ukiongeza nyingine tano, unaokoa dakika mbili na nusu hivi. Baada ya hapo unalisha umeme tu.

Na umeme wenyewe tunaujua. Hapa distcc ina uungwana fulani: msaidizi akizimika, kazi yake inarudi kwenye kompyuta yako. Ukiwa na laptop yenye chaji, unaendelea polepole.

Masharti yapo. Mashine zote ziwe na kompaila ya toleo moja. Tumia waya, Wi-Fi itakuchosha. Pia inasaidia zaidi wanaoandika kwa C na C++. Kwa kijana wa tovuti za PHP, haina faida. Kabla hata ya kununua swichi, jaribu ccache, inayokumbuka kilichokwisha kukompailiwa ili kisirudiwe. Inatosha kompyuta moja, na ni ya bure pia.

Kwa hiyo tatizo liko wapi? Kwa maoni yangu, liko kwenye funguo. Chumba cha kompyuta cha shule kikishafungwa jioni, mashine zinalala hadi kesho, na mitaa miwili mbele kuna kijana anasubiri laptop yake imalize. Mipango yetu ya TEHAMA inahesabu kompyuta na intaneti, lakini saa ambazo mashine hizo zimekaa bure hazihesabiwi.

Mwalimu anayesita kufungua mlango ana hoja. Distcc ya kawaida haiulizi nywila. Ukiiweka ovyo, aliye kwenye mtandao huo anaweza kuiamrisha mashine yako ifanye mambo mengine kabisa. Mtandao wa kazi hii usichanganywe na Wi-Fi ya wageni, iwe ya shule au ya lodge za njia ya Ngorongoro. Swichi yake peke yake, na orodha ya mashine zinazoruhusiwa iandikwe kabla ya kuwasha chochote.