Nani Alipie Siku Mia?

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu, habari zake zimekuwa zikitangazwa kwa fahari, na fahari hiyo ina haki yake, kwani tiba ambayo mzazi wa Tanzania alilazimika kuifuata India, na aghalabu hakuifikia, sasa yapatikana kwa safari ya basi. Lakini habari hizo huishia mahali pale pale: mtoto ameketi kitandani, tabibu amesimama kando yake, idadi ya waliopandikizwa imetajwa, na msomaji hufunga gazeti akidhani kazi imekwisha. Rai yangu ni kwamba sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo ndefu na ndiyo yenye taabu, tumemtwika mama wa mtoto bila hata kuulizana kama ataimudu.

Kupandikiza kwenyewe, kwa mtu aliyetazamia visu na damu, hakuna la kustaajabisha. Uloto uliovutwa kwa sindano katika mfupa wa nyonga wa ndugu yake, wa baba mmoja na mama mmoja, ambaye bahati ya kulingana naye ni moja katika nne, huingizwa mwilini kwa mrija wa kifuani kama aongezwavyo mtu damu, na baada ya saa chache umekwisha. Kabla ya hapo mtoto amekwisha kupewa dawa kali za kuuangamiza uloto wake wa asili. Baada ya hapo hungojwa wiki mbili hata nne mpaka chembe ngeni zishike na kuanza kuunda damu. Muda huo wote yumo katika chumba cha peke yake, na wauguzi wako naye usiku na mchana. Kisha hutoka wodini, naye bado yumo katika siku 100 za mwanzo, zihesabiwazo tangu siku ya kupokea uloto, ambazo matabibu duniani kote huziona kuwa ndizo za hatari kubwa, wakataka mgonjwa akae karibu na hospitali; maana kinga yake ni changa, na dawa anazomeza ili chembe za nduguye zisiushambulie mwili wake zinaikandamiza kinga hiyo hiyo.

Tuseme mama ametoka Lindi, naye amepanga chumba Dodoma, mji wa ukame na upepo, ambao tangu serikali ihamie huko haujaacha kujengwa. Vumbi la ujenzi, kwa mtu wa kinga changa, si uchafu wa kufagia tu. Ndani yake mna mbegu za kuvu liitwalo aspajilasi, ambazo sisi sote tunazivuta kila siku bila madhara, ilhali yeye zaweza kumwingia mapafuni zikamuua. Kwa hiyo mtoto asiwepo chumba kinapofagiliwa, na ni afadhali sakafu ipigwe deki kuliko kutimuliwa vumbi kwa ufagio mkavu. Uani pana kuku wa mwenye nyumba: asiwakaribie. Pana udongo: asiucheze. Maji ya dumu yachemshwe yote, hata ya kusukutulia. Choo ni kimoja kwa wapangaji wote, na hilo mama hana la kulifanya.

Halafu kuna homa. Katika nyumba zetu mtoto akipata joto hupewa panadoli, hufunikwa, hungojwa kuche, na asubuhi hupelekwa kupimwa malaria. Kwa mtoto huyu kila hatua ya desturi hiyo ni kosa. Kipimajoto kikifika nyuzi 38 aondoke saa ile ile, na panadoli asipewe kabla tabibu hajajua habari zake, kwa kuwa itaishusha homa na kuificha hatari ambayo yaweza kumshinda kabla jua halijachomoza. Sasa na tuulizane: saa nane ya usiku, mama huyu apande nini? Bodaboda, na mtoto mwenye mrija kifuani?

Yaliyo magumu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya watu kuliko ya vumbi. Kwetu kumjulia hali mgonjwa ni kama faradhi, na jirani mwema huja na mfuko wa matunda, akamshika mgonjwa mkono, akaketi naye kitako. Mama akimzuia mlangoni kwa kuwa ana mafua, huambiwa ana kiburi, ama hudhaniwa kwamba mtoto ana maradhi ya aibu. Na matunda yenyewe ni mtihani. Zamani matabibu walikataza kila kilicho kibichi. Majaribio yaliyofanywa baadaye hayakuonyesha kwamba ukali huo ulipunguza maambukizo, na wengi sasa husisitiza usafi: kuosha, kumenya, kupika hata kuiva, na kula kingali moto. Basi chungwa alilolimenya mama kwa mkono uliooshwa halina neno, lakini maziwa mabichi, kachumbari ya mgahawani na pilau lililolala havifai. Zabibu, ambazo ndizo sifa ya Dodoma, zataka kuoshwa moja moja. Balungi nalo lina kesi yake mbali, kwani hata liwe safi namna gani huipandisha katika damu dawa iitwayo siklosporini mpaka ikawa sumu kwa figo. Na tusimlaumu jirani aliyelileta, maana nani alimwambia?

Wako wasemao kuwa kuuguza ni wajibu wa jamaa, na kwamba serikali ikijitia katika jambo hilo ukoo utalegea. Hoja hii ingenituliza lau ugonjwa ungekuwa mwingine. Kuuguza kwetu kumejengwa juu ya wingi wa mikono: shangazi hulala leo, mama mdogo kesho, binamu akaleta uji, na hakuna anayechoka kwa kuwa hakuna aliye peke yake. Ajabu ya tiba hii ni kwamba wingi huo, ambao ndio utajiri wetu, ndio unaokatazwa. Humtaka mtu mmoja au wawili waliofundishwa, wanaojua dozi na saa zake, nao wasiondoke. Na watoto wengine walioachwa nyumbani, pamoja na yule aliyetoa uloto wake, akatembea siku kadhaa kwa maumivu ya nyonga na kisha akasahauliwa, hulelewa na atakayejitolea.

Mtu auguzaye hivi hana nafasi ya kazi nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi ambaye mtoto wake anaugua likizo yenye malipo isiyopungua siku nne. Siku nne, kwa siku 100! Na hizo nne ni za mwenye mwajiri. Muuza maandazi hana hata moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni hatua kubwa, lakini bima kwa desturi yake hulipia daktari, vipimo na dawa, haimlipii mama kodi ya chumba, nauli, wala mkaa wa kuchemshia maji.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa watu wa hesabu. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na watakaopandikizwa ni tone katika idadi hiyo. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, huko Kilifi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na hata vifo vilipungua. Kwa insafu, lau ningeshurutishwa kuchagua baina ya dawa hiyo kwa wote na uloto kwa wachache, ningechagua dawa, wala nisingesita. Lakini nchi imekwisha kuamua kupandikiza, na maadamu imeamua, haifai kuutia uloto kwa gharama kubwa kisha mtoto akafa kwa maambukizo katika chumba cha kupanga. Heri tupandikize watoto kumi wenye mahali pa kukaa kuliko ishirini wasio napo, hata kama idadi itakayotangazwa itapungua.

Mahali hapo si ndoto. Mwaka 1974 ilifunguliwa Philadelphia, Marekani, nyumba ya wazazi wenye watoto wagonjwa, na mfano wake umeenea nchi nyingi. Dar es Salaam yenyewe ina nyumba ya namna hiyo kwa watoto wa saratani wanaotibiwa Muhimbili. Kinachotakiwa Dodoma ni vyumba vichache vyenye sakafu ya kupigwa deki, choo kwa kila familia, jiko, maji yasiyokatika, gari la usiku, na posho ya muuguzaji, ambayo iingizwe katika gharama ya tiba tangu mwanzo, kama vile ya dawa, badala ya kungojea ihsani ya mpita njia.

Tena zikiisha siku 100 mambo hayajaisha, kwani chanjo alizopata utotoni aghalabu hufutika pamoja na uloto wa kale, na hana budi kuanza upya baada ya miezi kadhaa: pepopunda, dondakoo, kifaduro na polio; nayo ya surua, iliyo hai, ingoje angalau miaka miwili. Mpango wetu wa chanjo umepangwa kwa umri wa vichanga. Mtoto wa miaka tisa atakapofika zahanati ya kijijini kwao kudai chanjo ya mtoto wa wiki sita, muuguzi atakayemrudisha atakuwa amefuata kanuni. Hili halihitaji hata nyumba. Waraka mmoja wa Wizara ya Afya kwa waganga wakuu wa wilaya, wenye kuamuru kwamba mtoto huyu achanjwe kwa hesabu ya siku yake ya uloto, si ya kuzaliwa, ungetosha.