Subira ya Matumbawe Ina Kikomo

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Muumba wa bahari na vyote vilivyomo. Ndugu msomaji, marjani imetajwa katika Surat Ar-Rahman, sura ile ile inayozungumzia mizani. Hebu tuitazame mizani hiyo chini ya maji.

Tumbawe ni mnyama mdogo, laini, ajengaye nyumba ya chokaa. Mwilini mwake huishi mwani mdogo mno, ambao kwa nuru ya jua humpatia sehemu kubwa ya chakula chake. Joto la bahari likizidi kiwango chake cha juu cha kiangazi kwa nyuzi 1 tu, kwa majuma kadhaa, mwani huo hutoka, naye hupauka na kushinda njaa. Hivyo ndivyo matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalivyoangamia mwaka 1998.

Dhiki ya pili ni tindikali. Bahari hunywa takriban robo ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za wanadamu, na tindikali yake imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 30 tangu enzi ya viwanda ilipoanza. Tumbawe hujitetea: huipunguza tindikali katika maji machache yaliyo baina ya mwili wake na mifupa yake, ili chokaa igande. Lakini kazi hiyo yataka nguvu, na nguvu hutoka kwa mwani ule ule unaofukuzwa na joto.

Wapo wasemao kuwa joto hili limeletwa na mataifa tajiri, hivyo mvuvi wa Tanga au Pemba hana la kufanya. Nusu ya kauli hiyo ni kweli, na mataifa hayo yana deni. Mwaka 2018 jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa lilionya kuwa dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 2, zaidi ya asilimia 99 ya matumbawe yatatoweka.

Nusu ya pili ni udhuru usiokubalika. Baruti si ya mataifa tajiri. Huvunja kwa sekunde moja kilichojengwa kwa makumi ya miaka. Tukiwamaliza pono, magugu ya baharini hufunika mwamba, na matumbawe machanga hukosa pa kushika. Mgonjwa anayepigania pumzi haongezewi mzigo kifuani.

Kisiwani Misali, Pemba, mafundisho ya Uislamu yalikwishatumika kuwaelimisha wavuvi juu ya hifadhi. Basi maimamu na waliseme jambo hili mimbarini, kwani bahari ni amana, na amana ina hesabu yake.

Wabillahi tawfiq.