Kinu cha Majaribio Hakiwashi Taa

Ndugu wafanyabiashara wa Rusumo, tuelewane. Mwaka 2023 Rwanda ilitia saini na kampuni ya Dual Fluid kujenga kinu cha nyuklia, na wengi wakashangilia wakidhani bei ya umeme itashuka. Kile ni kinu cha majaribio! Koeberg ya Afrika Kusini, yenye vinu viwili, ina takriban megawati 1,900. Mitambo yetu ya maji hapa Rusumo ni megawati 80, tena tunagawana na Tanzania na Burundi.

Nyuklia siipingi. Ila mabaki yake hutoa mionzi kwa maelfu ya miaka. Yatazikwa shambani kwa nani? Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tulikatiana mashamba na wenzetu. Serikali itutajie mahali hapo kabla ya kuchimba msingi.