Nyota ya nne



Jumapili iliyopita mvua ilitufungia ndani tangu alfajiri, na umeme nao ukakatika. Nikawapa wanangu wawili karatasi na penseli za rangi, kila mmoja achore bendera yake mwenyewe, kisha atufafanulie rangi na alama alizoziweka. Nilitoa masharti matatu: rangi zisizidi nne, maandishi yasiwemo, na mchoro uwe mwepesi kiasi cha mtu kuweza kuurudia kwa kumbukumbu tu. Masharti hayo sikuyabuni mimi. Wajuzi wa bendera huyazingatia, kwa kuwa kitambaa kinachopepea juu ya mlingoti hakisomeki, hutambulika tu.

Kwanza tulifungua atlasi. Niliwaonyesha bendera yetu ya mwaka 1964, jinsi kijani, njano na nyeusi zilivyotoka Tanganyika, na buluu ikaja na Zanzibar. Binti yangu akaiwekea kidole ile ya Komoro, akauliza kwa nini ina nyota nne. Nikamweleza kwa raha zote, maana napenda kuulizwa. Nyota ni visiwa: Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore. Komoro ilipojitangazia uhuru mwaka 1975, Maore ilibaki chini ya Ufaransa, na hadi leo iko huko. Lakini Wakomoro hawakuifuta nyota yake. Akanyamaza, akarudi kwenye karatasi yake.

Mdogo wake, mwenye umri wa miaka minane, alimaliza upesi. Kijani kitupu, mpira katikati, na hilali pembeni. Kijani ni uwanja, mpira ni mpira, na hilali ni kwa sababu sisi ni Waislamu. Nikaona nimpe faida kidogo: kwamba hilali katika bendera ilienezwa zaidi na Dola ya Uthmaniya, ilhali bendera za Mtume (s.a.w.) imepokewa kuwa zilikuwa nyeusi na nyeupe. Alifikiri, kisha akasema, "Basi huu ni mwezi wa Ramadhani." Akauacha palepale. Sikuwa na la kumjibu, na yamkini sikupaswa kusema neno tangu mwanzo. Mzazi atakayelijaribu zoezi hili nyumbani kwake na amwache mtoto aeleze mpaka amalize. Ukianza kusahihisha, utapata bendera yako wewe, si yake.

Ya binti ilikuwa na rangi tatu. Nusu ya juu buluu, nusu ya chini kahawia, na nyota nne za njano. Buluu ni bahari ya Tanga, alikozaliwa bibi yake. Kahawia ni meza ya jikoni, anapofanyia kazi za shule mama yake akipika. Nyota ya kwanza ni mama, ya pili ni mimi, ya tatu ni mdogo wake. Yeye mwenyewe hakujichora. "Mimi ndiye kitambaa," alisema.

Nikauliza nyota ya nne ni ya nani. Akamtazama mama yake.

Ndugu msomaji, nina kijana mkubwa. Aliacha masomo bila ridhaa yangu, tukatupiana maneno mazito, akaondoka. Sasa unatimia mwaka na nusu. Siku ile, kwa hasira, nilikataza jina lake lisitajwe mbele yangu, na watu wa nyumba yangu walitii. Nilidhani utii ule ni heshima. Sikujua kwamba mtoto wa miaka 12 amekuwa akilizunguka jina la kaka yake kama mtu anavyolizunguka shimo lililo mlangoni.

"Sijamtaja, baba," akasema. "Nimechora tu."

Mama yao aliichukua karatasi ile, akaibandika ukutani pale jikoni, juu ya ile meza ya kahawia. Hakuniuliza.

Jumatatu baada ya Isha nilimpigia simu. Ililia kwa muda mrefu kabla hajapokea. Tulizungumza dakika chache, nyingi zikiwa juu ya mvua, kwani kumbe na huko aliko ilikuwa inanyesha. Kabla ya kukata aliuliza hali ya mdogo wake wa kike, nami nikampa simu binti.