Fidla ni sikio kwanza

Hivi majuzi nilialikwa katika shule moja ya sekondari ya chini hapa Mombasa, nitazame watoto wa gredi ya 7 wakianza kufunzwa fidla. Kipindi ni cha dakika 40. Fidla zilikuwa 12, na kila moja ina nyuzi 4. Hebu piga hesabu, msomaji: nyuzi 48, kila uzi nusu dakika ya kupatanishwa, zishakwenda dakika 24. Zilizosalia mwalimu alizimaliza ubaoni, akichora mistari mitano na noti zake. Kengele ikalia. Hapana mtoto aliyepiga hata sauti moja.

Simlaumu. Mwaka 2024, masomo ya ngazi hiyo yalipopunguzwa, muziki ulitiwa chungu kimoja na uchoraji na michezo. Mwenye kungoja aongezewe wakati atangoja sana. La kuuliza ni hili: dakika hizo 40 zitumiwe vipi?

Sisi tuliosoma chuoni tunalo jibu. Kabla hatujaitambua alifu kwa kijiti, tulikuwa tumekwisha hifadhi sura fupi kwa kumsikiliza mwalimu na kumwitikia. Hurufi zilipokuja zilikuta ulimi uko tayari. Na wapigaji wengi wa taarabu yetu walijifunza fidla kwa njia hiyo hiyo.

Basi nyuzi zipatanishwe kabla ya kipindi. Wiki za mwanzo upinde uwekwe kando. Mtoto adonoe nyuzi kwa kidole, na mshiko wa upinde auzoee kwa kalamu ya risasi, hata nyumbani. Shingoni mwa fidla pabandikwe vipande vya utepe, maana haina vigawanyo kama gitaa, na kidole kikiteleza kidogo tu sauti huharibika. Wawili wagawane fidla moja: huyu apige, yule aimbe sauti ile ile. Mwalimu atangulie, darasa liitikie, na kila kipindi kiishe kwa wimbo, japo wa sauti tatu. Noti zitafuata muhula wa pili.

Jambo hili si dogo. Unguja wana chuo chao cha muziki tangu 2002, na vijana hufunzwa humo fidla ya taarabu. Sisi huku twategemea wazee, nao wanapungua. Mtoto anayerudi nyumbani bila ya kuisikia fidla yake ikilia, wiki ijayo ataomba mpira.